Salamu za Dada Raya

Idi iliyopita nilikwenda kwa dada yangu, Konde, huko Pemba, na tukiwa tunakula ukumbini tukaanza kumhukumu mtoto. Binti yake wa mwisho alikuwa amejipiga video kwa simu, anacheza nyimbo za hao wa bara, mtandio shingoni, akaitupia mtandaoni. Pilau haijapoa, video imekwishafika Jadida, kule Wete, kwa shangazi zake. Basi kila mtu mzima akawa na lake la kusema. Simu zimewaharibu watoto. Zamani mambo haya hayakuwako. Watoto wa zamani walikuwa na haya.

Mimi nilikuwa na tonge mkononi, nikalirudisha sahanini. Hayakuwako! Jamani, nyinyi wa rika langu, tusidanganyane. Pale kabatini, juu ya kitambaa cha kufuma, ilikuwa imekaa redio ya kijivu yenye mpira wa baiskeli kiunoni wa kuuzuia mfuniko wa nyuma. Haisemi tena, lakini shemegi yangu haitupi ng'o. Nilijifanya naenda kunawa, nikapita karibu yake, nikainusa. Bado inanuka vilevile, mawe ya betri yaliyovuja na karafuu. Uso ukaniwaka moto, mtu mzima mimi, mama wa watoto, nimesimama mbele ya kabati na mikono yenye mafuta.

Redio ile ilikuwa ya baba yetu. Ilitundikwa msumarini barazani, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa isipokuwa yeye na dada Raya. Mawe yake yakichoka hatukuyatupa. Tuliyaanika juani kwenye jamvi, pembeni mwa karafuu, yakishapata moto yanarudi na nguvu kidogo, zikatutosha kwa kipindi kimoja. Na kipindi chenyewe mnakijua. Baada ya sala ya alasiri, mtangazaji mwenye sauti laini anasoma kadi za salamu. Fulani wa Micheweni anamsalimia fulani wa Kengeja, na mkewe, na watoto, na wote wanaomfahamu, na ujumbe anasema hivi na hivi. Kisha wimbo. Kisha kadi nyingine.

Sijui niwaeleze vipi jinsi nilivyokuwa nikiwaamini watu wale. Niliona kwamba mtu aliyetajwa redioni ni mtu kweli, na siye tusiotajwa tupo tu, bado zamu yetu. Nilichukua kifuu cha nazi nikakifanya kipaza sauti, nikakaa nyuma ya banda la kuku nikisoma salamu za kubuni. Niliwasalimia kuku. Niliwasalimia maiti wa ukoo wetu kwa majina yao na ya baba zao. Na kila salamu niliifunga kwa ujumbe, kwa sababu salamu isiyo na ujumbe ilikuwa haijakamilika. Ujumbe niliuokota kwa mtangazaji, neno kwa neno, na maana yake sikuitafuta. Mie nilidhani ni maneno ya adabu ya kumalizia, kama vile barua inavyomalizika kwa wasalaam.

Dada Raya alikuwa msichana wa kimya. Mama alikuwa akisema huyu nimemzaa, lakini maneno nimeyaacha tumboni. Kutwa alikaa na ukili wake wa mikeka, anasuka, vidole vinakwenda vyenyewe, miyaa inachezacheza kwenye goti. Ila kipindi cha salamu kikianza, vidole vilisimama. Nikizungumza ananifanyia "sss!" bila kunitazama. Nikasema, aa, dada naye anataka kutajwa. Ndivyo nilivyomsoma, na sikufikiri kwamba mtu anaweza kuwa anasikiliza jambo jingine.

Wakati huo alikuwa keshaposwa. Mchumba ni mwalimu wa Jadida, mtoto wa watu, na posa imepokelewa kwa heshima zote. Ilikuwa inangojwa karafuu ziishe ndipo itajwe siku ya harusi. Baba alikuwa akitembea sokoni kifua mbele.

Sasa, mawe yakifa kabisa, wa kutumwa ni mimi. Nilikwenda sokoni kwa Hamad, fundi wa redio, aliyekaa kwenye kibanda kilichojaa matumbo ya redio za watu. Hamad alikuwa mpole, vidole vimeungua kwa kuchomelea nyaya, na akikuuzia mawe anayapangusa kwanza kwa kanzu yake. Babu yake alikuja kutoka bara kuchuma karafuu. Yeye mwenyewe kazaliwa hapo hapo Konde, baba yake kazaliwa hapo hapo, na bado watu walimwita mtu wa kuja. Kila nilipokwenda aliniuliza hali ya nyumbani, mmoja mmoja, halafu akiwa ameinamia kazi yake:

"Na dada'ako nisalimie."

Mimi nikazifikisha salamu. "Dada, Hamad fundi anakusalimia."

Dada Raya kimya. Siku nyingine: "Dada, Hamad anakusalimia tena." Kimya, vidole vinasuka. Siku moja nikamkalia: "Hebu itikia basi!"

"Weye Mize, hebu niondokee," akasema. "Nimekutuma salamu mie?"

Jamani, mimi wakati ule nilikuwa nikisoma Kurani chuoni, na wiki hiyo hiyo mwalimu alikuwa ametufundisha adabu za salamu. Kutoa salamu ni sunna, kuitikia ni wajibu. Tulilikariri hilo mpaka koo likauma. Nikamtazama dada yangu, mzuri, mtulivu, anayesali sala zote, na madhambi yanamrundikia kichwani kwa ajili ya neno moja tu, wa alaykumu salaam, analolinyima ulimi. Nikaingiwa na huruma, ya kweli kabisa, nikalala naye kitanda kimoja nikimwonea imani. Asubuhi yake nikapata akili. Nitamwitikia mimi. Na kwa kuwa deni limekuwa kubwa, nitamwitikia mahali ambapo Hamad atasikia na malaika watasikia na kila mtu atasikia.

Niliokota mpeta, zile karafuu zinazodondoka chini ya mikarafuu ambazo sisi watoto tulikuwa tukiziuza kwa peremende. Safari hii sikununua peremende. Nilinunua kadi ya salamu katika duka la pembeni, nikaenda nayo nyuma ya banda la kuku, nikaandika kwa mwandiko wangu bora. Jina la mtumaji, Raya, na jina la baba, na Konde. Anamsalimia Hamad fundi wa redio wa sokoni, anasema salamu zako zote nimezipata. Anawasalimia baba na mama. Nami nikajitia, roho ilishindwa kujizuia: na mdogo wangu Mize, ambaye ndiye anayetuletea salamu zetu. Ikabaki ujumbe. Nikaupekua moyo wangu, nikachagua ule ambao mtangazaji aliwahi kuurudia mara mbili huku akicheka, kwa kuwa niliona huo ndio aliopendezewa nao. Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika.

Kadi nikaitia katika sanduku la barua pale dukani. Nikangoja na siri yangu kwa furaha.

Ilisomwa katikati ya msimu. Uwanja wetu ulikuwa umejaa wanawake wa mtaa waliokuja kutusaidia kuchambua karafuu. Wameketi kwenye majamvi na miguu wameinyoosha, wanazikonyoa, makonyo huku, karafuu huku, na harufu inaingia mpaka machoni. Mama yuko katikati. Bi Mkasi, jirani yetu, mama ambaye habari zote za Konde zilikuwa zikilala kwake kabla ya kuamka kwa wenyewe, yuko kando ya mama. Baba barazani chini ya redio, na wazee wenziwe wawili. Dada Raya mlangoni na ukili wake.

Nilipolisikia jina la dada, niliruka. Wanawake wakacheka kwa furaha, "Haya, Raya huyo!" Kisha likaja jina la Hamad. Kisha salamu zako zote nimezipata. Vicheko vikaanza kupungua, kimoja kimoja. Kisha jina langu, na mtangazaji akalitamka vizuri, na ile kazi yangu ya kupeleka salamu akaitia madoido. Na mwisho ule ujumbe. Akausoma, akacheka, akausoma tena.

Mikono yote uwanjani ilisimama. Nakumbuka karafuu moja ikianguka kutoka kiganjani mwa mama. Wimbo ukaanza, na hakuna aliyeuzima. Wale wazee wawili wakawa wanatafuta viatu vyao.

"Ni mimi!" nikapiga kelele, nikikimbia kutoka jamvi hadi jamvi. "Ni mimi niliyeandika! Nimemwitikia dada!"

Bi Mkasi akanishika mkono, akanitazama kwa huruma. Ile huruma yake sitaisahau.

"Masikini mtoto wa watu," akamwambia mama. "Keshafundishwa kusema."

"Sikufundishwa! Nimeandika mwenyewe!"

"Mwanangu, mtoto kama weye maneno ya mapenzi na vikohozi utayajulia wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole msumarini. "Kwenye redio!"

Wakatazama redio, wakanitazama mimi, na hakuna aliyesadiki. Redio ilikuwa kitu cha baba. Ilisoma taarifa ya habari, ilisoma Kurani alfajiri, ilitangaza vifo. Nani angefikiri kwamba kitu hicho cha heshima kinamfundisha mtoto? Wao waliona njia moja tu iliyo wazi: Raya kaandika, Mize kapeleka, na sasa mtoto anamficha dada yake. Na kweli, Mize alikuwa akipeleka. Kwenda kwa Hamad na kurudi, mchana kweupe, Konde nzima inaniona.

Baba alishuka barazani bila kumtazama dada. "Nyumba yangu mimi," akasema, "inatangazwa." Basi hayo tu. Akaenda msikitini kabla ya adhana.

Nilimtazama dada Raya nikitaka anicheke, anipige, aseme neno. Alikuwa amesimama mlangoni, na ukili umemwanguka miguuni ukajifungua. Alinitazama mimi, si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayetaka kuuliza njia. Kisha akaingia ndani.

Watu wa Jadida walikuja siku chache baadaye, wazee wawili wenye kanzu safi. Walikunywa kahawa, wakauliza hali ya karafuu, wakaomba dua, wakasema kijana wao bado ana masomo na hawapendi kumfunga binti wa watu. Hakuna aliyetaja redio. Baba aliwasindikiza mpaka kwenye gari la Wete akiwashukuru. Aliporudi, kanzu yake ilikuwa imelowa mgongoni. Siku hiyo ndiyo nilipoifahamu aibu ni nini, kwamba si yangu peke yangu, nimewatia watu wote wa nyumba yangu ndani yake, na wanaizunguka kimya, wanapakuliana chakula. Niliendelea kuwaambia kwamba ni mimi. Nilimwambia mama jikoni, nilimwambia baba akitia udhu. Mama alisema, "Basi, Mize. Basi, mwanangu." Mdomo huponza kichwa, walisema wahenga. Wangu ulikiponza kichwa cha mtu mwingine, na hicho hakina methali.

Na Hamad? Hamad naye alikuwa na redio. Kibanda chake chote kilikuwa redio! Alikaa kwa adabu mpaka mambo ya Jadida yakaisha, kisha akaleta wazee wake. Baba aliwasikiliza, akainamisha kichwa. "Lisemwalo lipo," akasema, "na kama halipo laja. Afadhali lije kwa heri." Mtu wa kuja akakubaliwa pale ambapo mwezi mmoja nyuma asingethubutu kubisha hodi.

Siku ya nikaha baba aliingia chumbani na mashahidi kumuuliza dada kama ameridhia. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya pazia. Akaulizwa mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu, kimya, na mikono imelala mapajani haina ukili. Bi Mkasi akasema kwa sauti ya furaha, "Bikira kunyamaza kwake ndiko kuridhia kwake, mashallah," na vigelegele vikapigwa. Nami kule nyuma ya pazia nikajiuliza, na nilitaka sana kumuuliza mwalimu wa chuoni lakini nikaogopa. Mbona leo dada hakuitikia, na hakuna aliyesema ni dhambi?

Baba alimpa Hamad ile redio siku hiyo hiyo, pamoja na bibi harusi. Alisema hataki kuisikia tena.

Sasa msije mkanifikiria kwamba nimewasimulia msiba. Hamad ni mume mwema, tena mwema wa kupita kiasi. Dada akiumwa kichwa yeye ndiye anayelala njaa. Ana duka la simu siku hizi, watoto wake wamesoma, na hajapata kumpandishia mke wake sauti. Hilo ndilo linalonimaliza. Angekuwa mbaya ningemchukia, nikapumzika.

Na Idi hiyo, tulipokuwa bado tunamkaripia yule binti na video yake, na mtoto ameinamisha uso machozi yanamdondoka kwenye nguo ya sikukuu, Hamad akaingia kutoka msikitini. Akaona hali. Akacheka.

"Mwacheni mtoto," akasema. "Kila watu na redio yao. Hamjui nyinyi kwamba mama yenu alinitangazia mapenzi Pemba nzima ikisikia?"

Wajukuu wakamrukia. "Tupe, babu, tupe!" Naye akawapa, kama anavyowapa kila Idi. Jinsi alivyokuwa ameinamia redio ya mtu, na sauti ikatoka humo humo kwenye redio aliyokuwa akiitengeneza. Jinsi alivyojichoma kidole, alama hii hapa, tazameni. Jinsi ambavyo yeye, masikini, mtu wa kuja, asiye na chochote, alichaguliwa na msichana asiyesema na watu. "Salamu zako zote nimezipata," akasema, na sauti ikamkatika, mzee yule na ndevu zake nyeupe. Akaenda kabatini akaipapasa redio.

Mimi nilitazama sakafu. Dada Raya alitabasamu, akavuta ukaya wake kichwani, akatoka uani. Nikamfuata.

Alikuwa ameketi kwenye kibao, ameanza ukili mpya. Miyaa ya kijani na ya asili, ile ya kupokezana. Nikachuchumaa mbele yake. Miaka yote hatujapata kulizungumza, hata mara moja, na sijui siku hiyo nilipata wapi uso.

"Dada. Humwambii mpaka leo?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba haikuwa weye."

"Wala sitamwambia," akasema. "Kosa lake nini yeye? Alisalimia, akaitikiwa." Vidole vinakwenda. "Na wewe usithubutu."

"Basi nisamehe mimi."

"Weye ulikuwa mtoto, Mize. Nilikusadiki siku ile ile. Maneno ya banda la kuku yale, nani mwingine?" Akacheka kidogo, nami nikacheka, na machozi yananitoka. Kisha vidole vyake vikasimama, kama vilivyokuwa vikisimama zamani baada ya alasiri.

"Ila najiuliza," akasema taratibu. "Baba hakuniuliza, mama hakuniuliza, nawe ukakaa na kalamu yako mkononi ukaniandikia. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, Raya, kadi ingekuwa yako, ungemsalimia nani?"

Nikahisi damu inanipanda mpaka masikioni. Kweli, nimeona aibu miaka yote kwa nilichokiandika, nimekililia, nimekiombea toba, na swali hilo halijanijia. Nikafumbua kinywa. Nilitaka kumuuliza, wallahi nilitaka, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Ndani, Hamad akaita, "Raya! Njoo wanataka kukusikia weye mwenyewe!"

Dada yangu akaukunja ukili wake, akajipangusa mapaja, akasimama.

"Labeka," akaitikia.